Aliyeitika Jina Langu Ghalani

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini jina langu nalijua nikiliona. Pale ofisi ya kodi Mbinga, mama wa dirishani aliponigeuzia karatasi, nililiona mwenyewe: Tadea Ndunguru, mwajiriwa, ghala la kahawa la Fakihi.

"Bibi, karatasi za mwajiri wako zinasema bado uko kazini. Mpaka mwezi uliopita."

"Mwaka wa pili huu nimeacha, mama. Magoti."

"Basi akupe barua kwamba umeacha. Bila barua siwezi kukusajilia biashara."

Biashara yenyewe ni meza ya dagaa wa ziwani pale Kitai, mabasi yanaposimama. Nafasi nilishaahidiwa, ila Jumatatu nisipofika na leseni anapewa mwingine.

Mimi ni mtu wa kusubiri, wote wanaonijua wanajua. Siku ile sijui niliingiwa na nini. Nilikwenda moja kwa moja ghalani, nikamkuta Mzee Fakihi mlangoni na wateja wawili, na hata salamu sikutoa.

"Mzee Fakihi, mnatuandika kama magunia! Mtu kaondoka zamani, ninyi mnamhesabu tu. Jina langu mnalifanyia nini?"

Wateja wakageuka kunitazama. Yeye akavua kofia yake, akajikuna kichwa.

"Bibi Tadea, tangu lini tumekuwa wagomvi? Nasma! Lete daftari la mahudhurio."

Nasma, karani wake, ameanza mwaka jana, hanijui. "Shikamoo bibi," akasema, huku anapekua. "Mbona Tadea yupo? Leo kaingia saa moja kamili." Akageukia ndani, kwenye meza ndefu wanakochambulia kahawa. "Tadea!"

"Abee!"

Akatoka Ottilia, mke wa mwanangu Joakim, vumbi la kahawa mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akapiga goti palepale, kama anavyonisalimia nyumbani.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu nafasi ya kazi ni ya nyumba. Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, mwenye nafasi hubaki shambani, akamtuma dada au mkwe amshikie meza. Msimamizi haulizi, anaita jina, mtu anaitika, kazi inaendelea. Magoti yaliponishinda nilimpa Ottilia kadi yangu ya kazi, nikamwambia nenda ukashike nafasi yangu. Akaandikishe jina lake, hilo sikumwambia. Naye angeniulizaje, mimi mkwewe?

Miaka miwili anaitika jina langu. Na mimi nimesimama hapa namfokea mtu mzima mbele ya wateja wake. Nilitamani yale magunia yaniangukie.

"Mzee Fakihi, nisamehe. Kosa ni langu."

"Haya, leo gunia limeomba radhi," akasema. Wateja wakacheka. Nilistahili.

Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, bibi. Rahisi ni hivi: naandika umeacha kazi leo. Unaondoka na barua, Jumatatu uko Kitai. Huyu tunamwandika kesho kama mgeni, miaka yake ianze upya."

"Na ukiandika kweli?"

"Kweli? Nirekebishe karatasi za miaka miwili, niende ofisi ya kodi nikajieleze. Hiyo si ya Jumatatu."

Ottilia alikuwa bado chini. "Mama, aandike leo tu. Mimi kuwa mgeni si kitu."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, na hapo ndipo aliponimaliza. Nikatazama vidole vyake, kucha zimelika kwa kuchambua punje mbovu. Mgeni gani huyo?

"Andika kweli," nikasema.

"Bibi, umeniletea kazi," Mzee Fakihi akaguna, lakini akavuta kiti.

Nasma akamuuliza mkwe wangu jina lake. Ottilia akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Sema, mwanangu."

Akalisema kwa sauti ndogo mno, Nasma akamwomba arudie.

Barua niliipata wiki ya tano. Meza ya Kitai tayari ilikuwa na mama mwingine, na dagaa wake nimewanunua mara mbili. Ottilia hajanilaumu kwa ile miaka miwili, hata kwa jicho. Ila asubuhi, kabla hajaenda ghalani, akipiga goti kunisalimia, huwa naitika huku natafuta kitu cha kushika, nisimtazame usoni.