Machipukizi ya Therese

"Wananchi wote wa kijiji hiki mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mikutano, vikao na shughuli zote za misiba zitafunguliwa kwa nukuu ya kutia moyo. Nukuu iwe fupi. Atakayechelewa kuisikia atakuwa amejinyima mwenyewe. Ni mimi, Mtendaji wa Kijiji."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, juu ya tangazo la zamani kuhusu mnyauko wa migomba, likalifunika lote. Mwalimu Kokuhirwa alilisoma mara moja, likamtosha. Alikuwa amestaafu ualimu akiwa na vitabu vingi kuliko rafu za kuvibeba, na katika maisha yake hakuna kilichomchefua kama sentensi fupi inayojiona kuwa ni busara. Lakini asubuhi hiyo hakuja kugombana na sentensi. Alikuja kumshtaki jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Gozbert. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye kibanja chake cha migomba tangu mvua za masika: majani yakalegea na kuwa ya manjano, mikungu ikaiva kabla ya kukomaa, na ndizi ukizipasua unakuta madoa ya kahawia ndani. Dawa haipo. Kuanzia Nyaishozi hadi Isingiro hakuna mkulima asiyejua kwamba mgomba wa namna hiyo hung'olewa na kufukiwa, na kisu kilichougusa huchomwa motoni. Sheria ndogo ya kijiji nayo ilisema hivyo hivyo. Gozbert hakung'oa hata mmoja. Na kibanja chake kilipoishia, ndipo kilipoanzia cha Kokuhirwa, alichoachiwa na mama mkwe wake, kilichosomesha watoto wake na ambacho sasa ndicho kilichomlisha. Nyuki waliobeba ugonjwa kutoka maua ya huko kwenda ya kwake hawakuwa na habari za mipaka.

Alikuwa ameanza kwa kwenda nyumbani kwa Gozbert, kama ujirani unavyotaka. Alimkuta akizunguka shambani, akifunga vikaratasi kwenye mashina kwa kamba za migomba. Gozbert akamletea kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo. Kokuhirwa hakuchukua hata punje. Hilo peke yake lilikuwa tusi, naye alikusudia liwe hivyo.

"Baba Kansiime, migomba yako inakufa."

"Imechoka tu, Mwalimu. Hata mimi nilichoka."

Hapo alisema kweli. Mkewe Therese alipofariki, Gozbert alijilaza kitandani, akakataa chakula na watu. Binti yake Kansiime, aliyekuwa Mwanza, akaanza kumtumia nukuu kwenye simu kila kukicha. Kwanza aliinuka ili asome, kisha ili anawe uso, hatimaye ili aende misani. Kokuhirwa aliyaona hayo kwa macho yake na hakuweza kuyakana, na hicho ndicho kilichomkera kupita yote: maneno yale mepesi yalimfaa mtu kweli. Yalikuwa yamemwinua Gozbert, na sasa Gozbert alitaka yaiinue na migomba.

"Soma hii," Gozbert alisema, akimwelekeza kwenye shina lililokuwa likitoa utomvu wa manjano.

Kokuhirwa akasoma kwa sauti: "Usikiache leo kitu ambacho kesho kimepanga kukufurahisha." Akauliza, "Nani kasema?"

"Haikuandikwa."

"Basi huyo hajawahi kulima ndizi."

"Mwalimu, wewe hata mbinguni utataka kusahihisha madaftari ya malaika."

"Na wewe utafika huko umeshika kikaratasi. Ng'oa, Baba Kansiime."

Gozbert aliweka kikapu chini. "Therese aliipanda kwa mikono yake. Niing'oe mimi?"

Kokuhirwa aliondoka bila kuaga. Njia nzima alimlaani mtu asiyemjua, aliyekaa mahali fulani penye kiti kizuri, akatunga neno moja la kumfaa kila mtu, kisha asiulizwe kamwe lilimfikia nani. Siku chache baadaye, kwenye kibanja chake mwenyewe, aliona jani la kwanza la manjano. Aliuchimba mgomba ule akiwa peke yake, akaufukia, akachoma kisu. Kisha akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Lameck, Mtendaji wa Kijiji, ambaye Kokuhirwa aliwahi kumfundisha darasa la tatu.

"Marahaba. Sheria mnayo. Itekelezeni."

Lameck akaitisha mkutano wa kijiji. Aliufungua kwa nukuu: "Tatizo ni kilima ulichopewa ili uone mbali." Watu wakapiga makofi. Kokuhirwa alisubiri makofi yaishe, akasimama na kudai migomba yote yenye mnyauko ing'olewe, kuanzia kwa Gozbert.

Kisha Benadeta, mke wa katekista, akauliza, "Na machipukizi, Mwalimu?"

"Machipukizi gani?"

Ndipo akaambiwa. Kwenye misa ya kumkumbuka Therese, wakati Kokuhirwa alipokuwa Kayanga akimuuguza binti yake, Gozbert aliipa kila kaya chipukizi kutoka kwenye kibanja cha marehemu, kila moja limefungwa nukuu. Kwao, chipukizi la kumbukumbu halikataliwi. Hupandwa karibu na jiko na kuitwa kwa jina la aliyeondoka.

"Waliopanda wanyooshe mikono," Kokuhirwa alisema, kwa sauti ile ile ya darasani.

Ikanyooshwa mikono ya ukumbi mzima. Wa mwisho ulikuwa wa Lameck.

"Na mnajua kilichomo ndani yake?"

"Tunajua," Benadeta alisema. "La kwangu limeshaanza manjano. Lakini mimi nimng'oe Therese, jamani?"

"Therese yuko makaburini, karibu na kanisa. Kilichoko jikoni kwako ni ugonjwa."

Minong'ono ikatanda. Mzee mmoja akasema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe la kusagia. Gozbert akasimama, macho yamejaa machozi.

"Sikujua kama yana ugonjwa. Nilitaka mpate faraja niliyoipata mimi."

"Faraja yako ilikuwa kwenye simu," Kokuhirwa alimjibu. "Ungetugawia hiyo."

Hakuna aliyecheka. Aliitazama mikono ile iliyokuwa imeshuka kwenye mapaja na kuelewa kwamba hapakuwa na hata mmoja ambao ungenyooshwa kwa ajili ya kibanja chake. Kila aliyemtazama alikuwa na Therese wake wa kumlinda. Akaketi.

Lameck alinong'ona na wajumbe, akasafisha koo, akasoma azimio:

"Mkutano umetambua uzito wa jambo hili. Imeamuliwa kwamba iundwe kamati ya watu saba, mwenyekiti akiwa Ndugu Gozbert, kuchunguza namna bora ya kuing'oa migomba ya kumbukumbu bila kuvunja heshima ya marehemu. Kamati itatoa taarifa itakapokuwa tayari. Hadi hapo, migomba yote, mizima na migonjwa, ibaki ilipo, na mtu yeyote asing'oe mgomba wowote, ukiwemo wa kwake mwenyewe, bila kibali cha maandishi cha kamati."