Faili za Mama Chebdoo

Mimi si mtu wa subira, na kazi yangu hainisaidii. Kila sauti inayotoka kwenye redio yetu hapa Kericho hupitia kwangu. Kipindi kikiisha hewani nakikata vipande, navipa majina, kimoja kinaenda YouTube, kingine Facebook, vingine nahifadhi. Jina likikosewa, sauti imepotea hata kama ipo.

Ndiyo maana hatukuelewana na Hezekiah. Hezekiah ni mtangazaji wa salamu za asubuhi, kipenzi cha akina mama wa chai kuanzia Sosiot hadi Konoin, na faili zake huzipa majina mwenyewe, jinsi masikio yake yanavyosikia. Kwake Bomet ni "Pomet". Nilishamwambia mwalimu wake wa imla alikula mshahara wa bure. Alicheka, akaendelea vilevile.

Siku hiyo tulikuwa tunahama. Seva ya zamani ilikuwa imejaa, na fundi Steve alikuwa amekuja kuifuta. Faili zenye majina yanayoeleweka nilikwisha kuzipeleka kwenye seva mpya. Yale madudu ya Hezekiah niliyaacha yafutwe, na sikuona huruma.

Hapo akaingia mwanamke mwenye shuka begani na matope kwenye viatu.

"Naitwa Cheptoo, nimetoka Kisii," alisema. "Mama yangu alikuwa anapigia nyinyi simu asubuhi. Phelis, wa Kimulot. Tunamzika Jumamosi. Nataka tu kusikia sauti yake, dada."

Nikampa pole na kiti. Nikatafuta Phelis kwenye seva mpya. Hakuna.

"Hewani alikuwa anajiita nani?"

Akainama, akavuta shuka. "Mimi ndio firstborn, kwa hivyo majirani walikuwa wanamuita Mama Cheptoo. Lakini hawezi kuwa alijiita hivyo. Nilipoolewa na Obure, mtu wa Kisii, aliniambia nisimuite mama tena. Nikipiga simu, hashiki. Miaka yote hiyo."

Nikaandika Mama Cheptoo. Hakuna.

"Si nilikuambia," akasema polepole. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu anakuja kutafuta sauti ya mamake, anaondoka na ushahidi kwamba alikataliwa.

"Madam, nianze kufuta?" Steve akauliza kutoka kwenye kona.

"Ngoja kwanza!" nikamfokea, ingawa maskini hakuwa amenikosea kitu.

Hezekiah akaingia na kikombe chake cha chai. Nikamuuliza kama anamjua Phelis wa Kimulot. Akatikisa kichwa.

"Phelis hapana. Kimulot mimi najua Mama Chebdoo. Huyo hakosi! Hata siku ile mvua ya mawe iliharibu chai yote, alipiga tu."

"Mama nani?"

"Chebdoo."

Nilitaka kumrekebisha, kama kawaida yangu, kisha nikakumbuka jinsi anavyoandika majina ya faili zake. Nikaigeukia mashine ya zamani, nikaandika vilevile alivyotamka. Kioo kikajaa majina: Mama Chebdoo, Mama Chebdoo, Mama Chebdoo, hadi chini.

"Steve, usiguse kitu," nikasema, safari hii kwa adabu.

Nikafungua ya mwisho. Sauti nzito ikatoka, na nyuma yake jogoo.

"Chamgei, Hezekiah. Leo naongea Kiswahili, hata kama sijui, ndio huyo pwana ya msichana wangu asikie pia. Mimi ni Mama Chebdoo. Nasalimia Chebdoo huko Kisii. Simu yake nilikuwa naona, lakini mdomo ilikuwa nzito. Mwambie maziwa ya mursik iko kwa gibuyu. Akuje na watoto, na huyo pwana yake akuje. Mimi ni mama yake."

Redio yetu haifiki Kisii, na kipande hicho sikukipeleka YouTube wala Facebook. Kilikuwa kimekaa humo kwenye mashine kikisubiri kufutwa. Nilijisikia vibaya mno. Cheptoo alilia kwa sauti, mikono kichwani. Hezekiah akaweka kikombe chini na kumshika bega, naye machozi yakimtoka bila aibu.

Cheptoo alipotulia nikaanza kuzihamisha zote kwenye seva mpya, moja baada ya nyingine. Mkono una mazoea yake: kwenye ya kwanza nikafuta ile b, nikaweka p.

Cheptoo akanishika mkono.

"Wacha hivyo, dada," akasema. "Hivyo ndivyo alikuwa ananiita."