Nafasi ya Kicheko

Mwaka 1995 watu wa Nyaishozi walipata tusi jipya, na tusi lenyewe lilitoka kwenye televisheni.

Projest, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa mpaka alipogundua kwamba mkulima anayecheka anapunjika kwa urahisi kuliko mkulima aliyenuna, alijenga banda la video nyuma ya soko. Kuta za mabanzi, paa la bati, mabenchi yasiyo na migongo, jenereta nje, deki na televisheni ndani. Kanda alizipata kwa watu wa magendo waliovukia mpaka wa Uganda pale Murongo. Za ngumi zilichakaa upesi. Zilizodumu ni za kichekesho kimoja cha Kampala, cha maigizo mafupi mafupi, kilichokuwa kikirushwa huko kila wiki kwa miaka na miaka. Mtu fulani alikuwa amerekodi vipindi vya zamani, vya mwanzoni mwa miaka ya themanini, rangi zimegeuka kijani, wanaume wamevaa suruali za mguu mpana. Wazee waliowahi kwenda kulima vibarua Buganda walikuja kuangalia nguo za ujana wao. Vijana walikuja kumwangalia Nyirandobo.

Nyirandobo alikuwa mwanamke wa Kinyarwanda katika maigizo hayo, anazunguka na ndoo kichwani akiomba kibarua cha kulima. Ndiyo maana ya jina lake: mama wa ndoo. Tajiri mwenye kitambi anamfukuza, anarudi. Anamfukuza tena, anarudi na ndoo ileile. Banda lilipokuwa na umri wa mwezi mmoja tu, hapakuwa na mwanamke mwenye lafudhi ya Rwanda aliyepita sokoni bila kuulizwa, "Nyirandobo, leo ndoo umemwachia nani?" Nawakumbuka waliouliza. Baadhi yao wana vyeo sasa. Na huo ndio ulikuwa mwaka ambao makambi ya wakimbizi yalijaa mpaka mabondeni, kuni zikaadimika, na watu waliofika kwetu tangu enzi ya mkoloni, waliozaa na kuzika hapa, wakaanza kuulizwa wanarudi kwao lini. Tusi la kuchekesha ndilo baya kuliko yote, kwa sababu anayelikataa huambiwa hajui utani.

Mimi niliishia darasa la nne. Mengine nilijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Ofisi ya kata iliniita mchochezi, nami sikuwahi kuomba wanibadilishie jina. Siku moja ya soko, mchana, niliingia bandani kwa nia ya kusimama mbele ya ile televisheni na kusema nilichokuwa nacho.

Sikusema. Nyirandobo alitokea kwenye kioo, akatua ndoo, akashika jembe, mkono wa kushoto mbele. Akageuka, akacheka, na kwenye meno ya juu palikuwa na pengo ninalolijua. Ng'ombe wa baba yangu ndiye aliyelitia, kwa teke, tukiwa wavulana.

Chini ya kile kitambaa cha kichwa alikuwa Fidele.

Mama yake, Mukandekezi, alifika kwetu kutoka Rwanda amembeba mgongoni. Baba yangu alimpa kipande cha ardhi pembezoni mwa migomba yetu, naye akalipa kwa kulima ya kwetu kwanza, ndipo ya kwake. Mimi na Fidele tulikula chungu kimoja. Mwanzoni mwa 1979, vita vilipovuka kwenda Uganda, Fidele alichukuliwa pamoja na wanamgambo wa hapa. Serikali ilimtambua kuwa Mtanzania siku ile ilipohitaji mgongo wa kubebea masanduku ya risasi. Wenzake walirudi wakapigiwa ngoma. Yeye alibaki Kampala. Mara mojamoja alituma salamu na nguo kwa watu wa magendo, kwamba amepata kazi kwenye jumba lenye taa kubwa, na sisi tukadhani ni hoteli. Mwaka 1987 Gaspari, aliyekuwa akivusha kahawa, alikuja kutuambia kwamba amekufa. Ulikuwa ukimwi, ugonjwa ule tuliouita Juliana, kwa jina la kitambaa cha mtindo kilichotoka hukohuko. Rafiki zake walimzika, na Gaspari hakujua ni wapi.

Nilitoka bandani nikapanda mlima moja kwa moja hadi kwa Mukandekezi. Alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umetoka kugombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Nimemwona Fidele."

Kisu kilisimama. "Usinichezee, Rwegoshora. Mimi sasa ni mzee."

Nikamweleza. Habari za televisheni alikuwa amezisikia, kama sote tulivyosikia habari za meli. Aliuliza kama ni picha. Nikasema ni picha inayotembea.

"Inasema?"

"Inasema."

Akaiweka ndizi chini. "Uso wake ninao," alisema. "Nikifumba macho anakuja, hata kovu la gotini naliona. Sauti ndiyo imenitoka. Najaribu kumsikia akiniita kutoka kisimani, namsikia mtu yeyote tu. Wakati mwingine nakusikia wewe." Aliufuta mkono wake wenye utomvu kwenye kanga. "Nipeleke nikamsikie. Uso sina haja nao. Nataka sauti."

Sikumwambia mwanawe alikuwa anaigiza nini. Nilidhani namhurumia.

Siku ya soko iliyofuata nilimkalisha benchi la mbele. Projest hakumtoza, nalisema hilo kwa sababu ni mojawapo ya mambo machache mema ninayoweza kumtajia. Fidele alipotokea amevaa gauni na ndoo kichwani, mama yake alimtambua kabla sijanyoosha kidole. Alivuta pumzi, akainamisha kichwa, akatega sikio. Fidele akafungua mdomo. Tukamsikia Yustus.

Maigizo yalikuwa ya Kiganda, na Yustus, fundi baiskeli aliyekulia Masaka, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akipiga mayowe kushinda jenereta, Kiswahili kikiisha anaweka Kinyambo cha kwetu, Kinyambo kikiisha anaweka chake mwenyewe. "Tajiri anamwambia, wewe, umeoga lini? Nyirandobo anasema, mvua ya mwaka jana si ilinikuta njiani?" Banda likalipuka. "Anasema, kwetu sisi maji ni ya kupikia, mwili unakunwa." Vijana walipiga mabenchi. Mukandekezi alitazama juu, akatazama mdomo wa mwanawe, akatazama mdomo wa Yustus.

Tulipotoka aliniuliza, "Yule mwenye fimbo ni nani?"

"Yustus. Anatafsiri."

"Kila Fidele akifungua mdomo, anatoka Yustus."

Tulipanda mlima, naye alipumzika mara nyingi kuliko ilivyokuwa desturi yake. Karibu na nyumbani alisema kwamba kifua chake hakimpi muda, na kwamba angependa kuondoka na ile sauti sikioni. Aliyasema kama mtu anayeagiza chumvi.

Nikamfuata Projest dukani kwake.

"Siku moja tu," nikamwambia. "Yustus anyamaze."

"Watu hawalipii Kiganda, wanamlipia Yustus. Akinyamaza wataondoka."

"Wakijua sababu hawataondoka."

"Wewe na sababu zako. Mpaka kichekesho unataka ukifanyie mkutano?"

"Ndiyo. Na usipotaka, mkutano nitaufanya mlangoni pako kila soko, na nitaanzia na mizani yako ya kahawa."

Projest alinitazama, akacheka bila furaha. "Kanda moja," alisema. "Fupi."

Siku ya kanda hiyo banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye nyufa za mabanzi. Nilimkalisha Mukandekezi palepale mbele, nikasimama. Yustus aliketi sakafuni, fimbo magotini. "Haya, mzee wa mikutano," alisema, "leo tafsiri wewe." Watu wakacheka, nami nikawaacha wamalize.

Kisha nikawaambia. Kwamba Nyirandobo ni mwanamume, na jina lake ni Fidele, na wengi wao walicheza naye. Kwamba alibeba risasi za nchi hii mgongoni na nchi haikumuuliza lafudhi. Kwamba amekufa na hakuna ajuaye kaburi lake. Kwamba huyu mliyemkuta benchi la mbele ni mama yake, mama yule yule mnayemwita mama wa ndoo sokoni, na amekuja kusikia sauti ya mwanawe, na kila aliye na kicheko tumboni akakichekee nje. Niliyasema vizuri. Nimewahi kusema mbele ya polisi, mbele ya mabwana shamba, mbele ya mapadri, lakini sijawahi kunyamazisha watu vile. Placidia, muuza maandazi, aliyekuwa hodari wa kuita Nyirandobo kuliko wote, aliinamisha uso kwenye kapu lake.

Projest akaingiza kanda.

Fidele akaingia na ndoo. Tajiri akamwambia alime shamba la migomba mpaka mwisho. Nyirandobo akalima. Akavuka mpaka, akalima la jirani, akaendelea kulima, akafika barabarani, akaanza kulima barabara. Tajiri akaja mbio. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Fidele akasema na sisi tukasikia.

Kiganda changu ni cha kuokoteza, lakini kinatosha. Nyirandobo alisema, "Bwana mkubwa, uliniambia nilime mpaka mwisho wa mali yako. Mimi nimeutafuta, sijauona." Habari za kuoga hazikuwamo. Habari za mwili kukunwa hazikuwamo. Zote zilikuwa za Yustus, za kwetu, zimeongezwa hapa hapa Nyaishozi. Nilimgeukia Yustus nimpe macho, na ndipo nilipomwona Mukandekezi.

Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Sauti ile ilikuwa nyembamba, ya puani, yenye "yewe" ya Kinyarwanda, ile ya kumwitia mtu, inayovutwa polepole kama ndoo kutoka kisimani, na kikohozi kidogo kabla ya kila jibu. Niliisikia tangu utotoni ikituita kula. Haikuwa sauti ya Fidele. Ilikuwa ya mama yake. Alikuwa ameibeba mpaka Kampala, akaivaa pamoja na gauni, na katika kanda zote zile hakuna hata mahali pamoja aliposema kwa sauti yake mwenyewe.

"Huyo ni mimi," Mukandekezi alisema polepole.

Nikapiga goti kando yake. "Mama, tuondoke."

"Kaa."

Kwenye kioo Fidele alisema neno jingine, akageuza uso kutuelekea, nyusi juu, akanyamaza. Alingoja. Wachekeshaji huacha nafasi, kama mtu anayekupisha mlangoni. Katika banda hakuna aliyepumua. Ile nafasi ikapita tupu. Akasema tena, akatugeukia tena, akangoja, macho yake yakizunguka kana kwamba anatafuta mtu mmoja tu anayemfahamu. Jenereta ikanguruma. Akaendelea.

"Anangoja nini?" mama yake aliniuliza.

"Anangoja watu wacheke."

"Na mbona hawacheki?"

"Wanakuheshimu, mama."

"Mimi sijafa." Alitazama tena. Fidele alidondosha ndoo, ikamwangukia mguuni, akarukaruka kwa mguu mmoja akikohoa kile kikohozi cha mama yake, akasimama, akangoja. Hakuna. "Angalia, Rwegoshora. Mtoto anaaibika."

Igizo likaisha hivyo, katika kimya changu. Mukandekezi aliinuka kwa kushika bega langu na kuwageukia watu. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusukuma. Alisema, "Nilidhani wanamcheka kwa ubaya. Kumbe ndiyo kazi yake. Na hii kazi aliianzia kwangu. Jioni, hakuna chakula, anavaa kitenge changu, ananiigiza mimi nikimfukuza kuku, mpaka nacheka, mpaka nasahau njaa." Akapumua. "Yustus, mwanangu, simama. Wewe ndiye unayejua kuwachekesha hawa."

Yustus alinitazama. "Mzee amekataza."

"Huyu hana mtoto humo ndani."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na hoja, na bado ninazo: kwamba kicheko cha mama yake jioni ile na kicheko cha soko la Nyaishozi si kitu kimoja, kwamba njia iliyotoka kwa kile hadi kwa hiki imepita kwa watu wenye nia mbaya, na kwamba Fidele mwenyewe huenda alijua hilo na akalimeza. Ni hoja za kweli. Hazikuwa na pa kukaa bandani mle.

"Bibi," Yustus alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nikianza kusema, hutamsikia."

"Najua."

"Ulikuja kwa ajili ya sauti."

"Nimeisikia. Ni yangu, naenda nayo nyumbani. Sema."

Projest akarudisha kanda. Fidele akaingia na ndoo. Yustus alianza vibaya, akikwama, akitafsiri neno kwa neno kama mtoto anayesoma katekisimu: tajiri anasema lima mpaka mwisho, mwanamke anasema sijauona mwisho. Fidele akageuka, akangoja. Kimya. Mukandekezi akamtazama Placidia, akamtikisia kichwa, kama unavyomwambia mgeni anayeona haya kwamba chakula ni chake. Placidia akacheka. Kilitoka kibaya, nusu yake kilio, lakini kilitoka. Kisha mtu wa nyuma. Kisha Yustus akapata pumzi, akapiga mayowe kama kawaida yake, na banda lote likafuata, mabenchi yakapigwa, na walio nje wakacheka kwa sababu walio ndani wanacheka.

Fidele alisema, akangoja, akapata. Akasema, akangoja, akapata.

Mama yake hakusikia tena hata neno moja. Wala hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa amekaa ameipa mgongo, ametugeukia sisi, akizitazama nyuso za wanaocheka moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu alisimamisha macho, akangoja.