Boti ya Sabini na Sita Iliyojifanya Sabini na Saba

Boti iliingia uani mwa karakana Jumanne asubuhi juu ya trela, imefunikwa turubai gubigubi, na Bi Sindano akaitazama kwa jicho la mtu anayeolewa Jumamosi na asiye na nafasi ya boti ya mtu. Alikuwa na miaka sitini na moja. Gauni lilikuwa bado halijapigwa pindo, na bwana harusi mwenyewe, Plagi, fundi injini mwenye karakana ile, alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Kwa kichwa chenye nywele zinazohesabika, safari hiyo ilihitaji imani kubwa.

Bi Sindano alikuwa mshona viti vya boti. Kazi aliianza ujanani katika kiwanda cha Mshale, zile boti nyembamba za mwendo kasi ambazo siku hizi watu wazima wenye heshima zao hugombana kwa ajili yake. Yeye alikuwa kwenye viti, Plagi kwenye injini, na mumewe kwenye kuzijaribu majini. Mume huyo sasa ni marehemu. Alitoka kujaribu boti yake mwenyewe, nyekundu, miaka thelathini na moja iliyopita, na hakurudi. Plagi alikuwa gatini peke yake siku ile. Ndiye aliyeona moshi, akaona boti inabinuka, akaona maji yanajifunga juu yake. Ndiye aliyekuja mlangoni kwa Bi Sindano na kofia mkononi.

Tangu hapo Plagi alimzibia paa, akamrekebishia bomba, akambebea mitungi ya gesi, wala hakufungua mdomo kusema jambo lolote la maana. Watu wakasema ni mwoga. Mwaka juzi ndipo alipotamka, ghafla, mbele ya cherehani, kwamba anataka kumwoa. Bi Sindano alimjibu kwamba alidhani angesubiri mpaka wote wawili wawe hawasikii.

Mwenye boti alishuka kwenye gari. Mwanamke wa rika lake, mnene wa kupendeza, kavaa raba nyeupe. Alijitambulisha kuwa mkunga mstaafu, na kweli sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mtu asukume taratibu.

"Namtafuta fundi Plagi."

"Katoka. Mimi mchumba wake."

"Hongera, dada."

"Asante. Mchumba wa umri huu ni kama jino la mwisho, unalitunza hata kama halitafuni."

Mkunga akacheka mpaka akashika trela. Kisha akaeleza shida yake. Boti ilikuwa ya marehemu mumewe. Waandaaji wa maonyesho ya boti kuukuu walikuwa wanaitaka, lakini walidai barua kutoka kwa mtu aliyefanya kazi kiwandani, aseme ni ya mwaka gani. "Namba ya nyuma inasema sabini na saba," alisema, akavuta turubai.

Ilikuwa ya buluu. Nzuri, ndefu, pua imechongoka kama ya mtu anayewasema wenzake.

"Namba husema inachoambiwa," Bi Sindano akasema. "Tuiulize boti yenyewe."

Akavaa miwani, akazunguka. Kwa mtu mgeni, Mshale wa sabini na sita na wa sabini na saba ni pacha. Kwa aliyezitengeneza, hata gizani huwezi kuzichanganya. Ya sabini na sita ina matundu matatu ya hewa kila ubavu, ukanda wa alumini kuzunguka kingo, na viti vimejengwa juu ya ubao. Ya sabini na saba ina matundu manne, ukanda wa mpira, na viti vimekaa juu ya plastiki ngumu. Hii ilikuwa na matundu manne. Ilikuwa na ukanda wa mpira. Angekuwa mtu wa haraka angeshaandika barua akarudi kwenye pindo lake.

Lakini alikuwa na tabia ya kutia vidole. Tundu la kiwandani hutoka pamoja na boti ndani ya kalibu inayoipa umbo, kwa hiyo mdomo wake ni laini kama wa kikombe. La kwanza lilikuwa laini, la pili laini, la tatu laini. La nne likamkwaruza. Akachomoa kidole, akakuta nyuzi za fiberi zimemng'ang'ania kama miiba ya samaki.

"Hili lilikatwa na msumeno baadaye," alisema. "Mumeo alikuwa fundi?"

"Hapana. Alikuwa dereva wa kivuko. Kuvunja aliweza, kutengeneza hakuweza."

Akaenda nyuma, akabandua ncha ya ule mpira kwa kisu. Chini yake kulikuwa na matundu ya zamani ya ukanda wa alumini, yamezibwa vizuri. Na skrubu mpya zilikuwa zimepangwa kuzunguka boti nzima, kila moja mfereji wake umesimama wima, juu chini, juu chini, kama wanafunzi mstarini.

Bi Sindano akacheka peke yake. Mtu mmoja tu duniani hukaza skrubu hivyo. Bawaba za mlango wake zilisimama wima, soketi zake za umeme zilisimama wima, na mara moja alimkuta Plagi katika ukumbi wa msiba wa watu, kashika bisibisi, ananyoosha skrubu za mlango wakati wengine wanaimba.

"Hii ni kazi ya mchumba wangu," akasema. "Mbona hajawahi kuniambia kwamba aligeuza sabini na sita kuwa sabini na saba? Nitamtania mpaka Jumamosi."

"Walijuana na mume wangu zamani," alisema Mkunga. "Jina lake nililikuta kwenye makaratasi. Ndiye niliyemwandikia kumpa habari ya msiba."

Kilichobaki ni viti. Bi Sindano akapanda ndani, akapiga magoti kwa adabu ya magoti yake, akang'oa pini za kiti cha dereva, akaikunja ngozi ya bandia, akainua sponji. Chini palikuwa na ubao. Juu ya ubao kulikuwa na kitambaa cha kuzuia sponji isilike, na kitambaa hicho kilikuwa cha njano, chenye mananasi.

Alibaki ameshika sponji.

Lile lilikuwa pazia lake la jikoni. Siku alipomshonea mumewe kiti, kitambaa cha ndani kilipungua, duka lilikuwa limefungwa, naye mume alikuwa hana subira. Akashusha pazia dirishani. Wiki nzima walikula huku jirani anawatazama.

Mananasi hayo yalitakiwa kuwa chini ya maji.

Alisikia redio ya jirani, akasikia mbu, akajisikia mwenyewe akiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya uzi, "Mumeo aliitwa nani?"

Mkunga akamtajia jina. Halikuwa jina analolijua. Pumzi ikamrudia nusu.

"Una picha yake?"

Picha ikatoka kwenye pochi. Mzee, kipara, kitambi, ameketi kwenye kiti cha plastiki anamenya chungwa. Sikio la kushoto limekatika ncha. Bi Sindano alikuwepo mbwa alipoling'ata. Kilichomuuma si sikio, bali kitambi. Marehemu wake hakuwahi kuzeeka. Miaka yote aliyomlilia, kijana yule alibaki na kiuno chembamba, na kumbe kuna mtu alikuwa anamlisha.

"Alikufa lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa nne. Usingizini, alhamdulillahi."

"Hakuzama?"

"Azame vipi kitandani, dada? Aliyezama ni mkewe wa kwanza, masikini. Alinisimulia mara moja tu, akalia. Sikumuuliza tena."

Bi Sindano akakaa juu ya ubao, juu ya mananasi. "Nilizama na mimi," akasema polepole. "Basi tulikuwa wafu wawili, na hakuna aliyempa mwenzake taarifa."

Mkunga alimtazama. Akaitazama picha, akalitazama pazia, akamtazama tena. Mtu aliyepokea watoto wa watu miaka arobaini haelezwi mambo mara mbili. Akashika ubavu wa boti kwa mikono yote miwili.

"Mimi sikujua," alisema. "Kwa jina la mama yangu, sikujua."

"Najua hukujua. Panda ukae, utaanguka."

Akapanda. Wakakaa wawili. Halafu Bi Sindano akauliza, "Barua kwa Plagi uliituma mwezi gani?"

"Wa tano."

Plagi alimposa mwezi wa sita.

Hapo ndipo mshtuko wa pili ulipomfika, na huu ulimpiga palepale alipokuwa amekwishaumia. Moshi. Boti kubinuka. Kofia mkononi. Alikuwa amejaribu kuufikiria huu wote kama uongo wa mtu mmoja, na kumbe uongo ule ulikuwa na fundi wake.

Lango likalia. Plagi akaingia anang'aa kichwa, ana harufu ya losheni, kabeba viatu vipya ndani ya boksi. Aliiona boti. Hakumwona mgeni, hakumwona mchumba, aliona boti, na boksi likamponyoka.

"Unaijua?" Bi Sindano akamuuliza kutoka juu.

"Sindano."

"Nimekuuliza kama unaijua. Huyu dada anataka barua ya maonyesho. Tundu la nne ulikata wewe?"

"Mimi."

"Na mpira?"

"Mimi. Na namba. Na rangi. Usiku tatu, ndani ya ghala la mjomba."

"Na moshi ulioona gatini?"

Mzee wa watu akainama kuokota viatu, akaviacha. "Hapakuwa na moshi," alisema. "Alinijia akasema anataka kuondoka na hawezi kukwambia usoni. Akasema akizama utalia mwaka mmoja, akikuacha utalia maisha. Mimi nikaona..." Akatafuta neno. "Sikumkatalia sana. Nilikuwa nakupenda tangu kiwandani."

"Basi ungeniposa mwaka uliofuata. Nilikuwa na meno yote."

"Ningekuposaje na mumeo yuko hai? Hiyo si halali."

Mkunga aliziba mdomo kwa kiganja. Bi Sindano alimtazama Plagi kwa muda, kama anavyotazama mshono uliokwenda upande. Mtu huyu alimuua mumewe kwa mdomo, akamwacha avae nguo nyeusi, kisha akakataa kumwoa kwa kuwa anaheshimu ndoa. Akangoja miaka ishirini na tisa mwenzake afe kweli, na huku anaziba paa. Alitamani kucheka, na alitamani kumpiga kwa sponji.

"Jumamosi je?" Plagi akauliza. "Niambie tu, Sindano. Bado ipo?"

"Ungeniambia mwaka ule," alisema, "ningekufukuza kama mwizi wa kuku. Ningekutukana wewe na ghala la mjomba wako. Na mpaka kufikia leo ningekuwa nimeshakusamehe, nimekasirika tena, nimekusamehe tena, na tungekuwa na wajukuu. Kila ulipopanda paa langu ulikuwa na nafasi ya kusema. Ulishuka, ukanywa chai, ukaenda zako."

"Niliogopa."

"Najua. Na mimi nililia, na ulikuwa unanipa leso. Siwezi kulala na mtu aliyenipa leso huku anajua. Jumamosi haipo, Plagi."

Plagi akakaa chini pale alipokuwa, juu ya sakafu yenye mafuta, na suruali yake ya kwendea kinyozi.

Mkunga akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Sasa boti hii niiandikishe ya mwaka gani?"

"Sabini na sita," Bi Sindano akajibu, akafuta miwani kwa upindo wa kanga. "Barua nitaandika mimi. Matundu matatu ya mama yake na moja la kambo."

Simu ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa, msimamizi wa viti na mapishi, anapiga kelele kabla hajasalimiwa: wageni wameongezeka, masufuria hayatoshi.

"Rudisha masufuria," Bi Sindano akamwambia. "Harusi haipo."

"Bwana harusi kafa?"

"Hapana. Yupo hapa chini, anapumua."

"Sasa watu niwaambie nini, mdogo wangu? Wengine wameshapanda magari."

Bi Sindano alitaka kumjibu kwa mzaha, na mzaha ulikuwepo, tena mzuri. Lakini aliuacha.

"Waambie nimefiwa," alisema. "Waambie mume wangu amekufa, mwaka juzi, mwezi wa nne, na nimepata habari leo."

Akakata simu. Mkunga akasogea kidogo kwenye kile kiti kilichochanwa, akampisha nafasi, na Bi Sindano akaegemea.