Punje Saba Ndani ya Debe

Nilikuwa nimeshaondoka. Hilo lieleweke kwanza. Mfuko begani, kofia kichwani, tiketi ya treni kwenye shati, nimeshaivuka Jangwani kwa miguu, na mimi nikishaondoka sirudii njiani. Nimeondoka Songea, nimeondoka Tabora mara mbili, nimeondoka Mpanda nikiwa na homa. Kuna miwani yangu mpaka leo iko Urambo, kwa sababu nilikumbuka nimeiacha nikiwa nimeshafika barabarani.

Jumatatu ile nilikuwa mwepesi kama shule zimefungwa. Ningepanda treni mpaka Dodoma, halafu basi, halafu Kigoma, halafu ningeona. Mama mwenye nyumba wangu wa Magomeni, Josepha, Mchaga wa Kibosho mwenye moyo mpana na mdomo mpana zaidi, huniwekea masurufu kila nikisafiri: karanga za kukaanga kwenye bahasha ya kaki. Hanipi mkononi, maana anasema kuagana kunamletea mafua. Anaweka mezani, mimi nachukua, naenda zangu. Miaka sita tunafanya hivyo. Asubuhi ile nikaikuta bahasha ya kaki mezani, nikaitia mfukoni, nikatoka napiga mluzi.

Kariakoo nikapita kwa Awadhi, muuza nafaka, rafiki yangu anayeongea kuliko redio. Nikasema tutafune karanga mbili tatu ndipo niende. Nikamimina bahasha kiganjani. Zikatoka punje saba za mahindi meupe. Basi.

Tulicheka mpaka Awadhi akashika mzani asianguke. Punje saba, safari ya Kigoma. Akasema Josepha kanipangia chakula cha wiki nzima, kila siku punje moja, na Jumapili nisisahau kumshukuru Mungu.

Sasa, mtu wa nafaka pale Kariakoo ukimwonyesha punje haiangalii, anaing'ata. Ukavu wanaupima kwa jino: ikilia ni kavu, ikibonyea ni mbichi, rudi nayo kwenu. Na punje za kuonyeshwa hazirudi kwa mwenyewe. Zinatupwa kwenye debe la mlangoni, ili biashara isitoke na mgeni. Awadhi akang'ata moja, ikalia, akaitafuna yote huku anaongea, akatoa hukumu kwamba ni kavu safi. Zile sita akazitupa kwenye debe lililojaa mahindi meupe, akalisukuma kwa goti zikazama. Tukaagana. Nikaenda stesheni.

Nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi simu ilipolia. Josepha. Hakunisalimu. Aliuliza nimechukua bahasha ipi. Nikasema ile ya mezani. Akasema ya karanga ilikuwa juu ya friji, sisimizi walikuwa wameivamia meza, na mimi ni mzee wa aina gani nisiyepapasa kitu kabla ya kukibeba. Halafu simu ikachukuliwa na Nice.

Nice ni mtoto wa kaka yake Josepha, binti mtafiti wa mahindi. Alikuwa amefika jana yake jioni kutoka shamba la majaribio, akakuta maabara ya mjini imefungwa, akalala kwa shangazi yake, na bahasha yake ya mbegu akaiweka mezani.

"Shikamoo babu. Babu, nakuomba, usizile."

"Marahaba. Sijala hata moja," nikasema. "Awadhi ndiye kala."

Nilisikia kitu kama mtu anakaa chini ghafla. Halafu akaniuliza, polepole sana, Awadhi ni nani na yuko wapi, na zilizobaki ziko wapi. Maelezo yangu yalipofika kwenye debe akasema maneno matatu tu: "Nimekwisha mimi, babu."

Milango ya treni ilikuwa wazi. Kiti changu kilikuwa cha dirishani. Niligeuka. Sijui hata niliambiwa na nani nigeuke, lakini miguu ilishaanza kurudi Kariakoo na mfuko unanipigapiga mgongoni, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu, maana sikuwahi kujua kurudia njiani kukoje.

Nice alifika kwa bodaboda tukiwa sambamba. Palepale mlangoni, huku anahema, akatueleza, nami naandika nilivyoelewa mtu niliyesoma darasa la tatu Peramiho na la tano Urambo, la nne sikulipitia.

Mahindi yale si ya kawaida. Wataalamu wameyapachika jeni la kuvumilia ukame, na kando yake jeni la rangi, kama bendera. Ukiona punje ya zambarau, jeni limo. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwaka huu, kwenye mahindi ya zambarau, zikatoka punje saba nyeupe. Mkuu wake, Dakta Bryson, akasema jeni limepotea, kizazi kizima kichomwe, kazi ifungwe. Nice akabisha. Yeye anasema jeni halijapotea. Limo ndani, ila mmea wenyewe umelinyamazisha, kama mtu anavyomfunika kuku kapu ili atulie. Kuku yupo. Zile saba ndizo zilikuwa ushahidi wake, na kibali cha mbegu za namna hiyo kinataka kila punje ijulikane ilipo. Ijumaa alitakiwa aweke saba mezani kwa Dakta. Zikipungua, anarudisha funguo za shamba, na miaka yake miwili inachomwa.

Tukaligeukia debe. Halikuwepo mlangoni. Lilikuwa linapandishwa kwenye bajaji.

Alikuwa amelinunua Bi Hajira, mama wa Kiyao kutoka Tunduru anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu Magomeni. Nice akamwomba amuuzie. Hajira akamtazama juu mpaka chini, akasema kitu kikishanunuliwa ndipo watu wanakiona kizuri, na yeye habadili. Nice akamweleza kuna punje sita za utafiti humo.

"Sita? Zichambue basi, mwanangu. Mie nakungoja."

Nice akainama kwenye debe, na sisi wote tukainama, na dereva wa bajaji naye akazima injini akainama. Nyeupe. Nyeupe tupu mpaka chini. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko nikatoa punje moja nikasema hii hapa, halafu nikaona hata mimi siamini. Kicheko kikanishika vibaya. Nice akaketi juu ya gunia, akajifunika uso kwa mikono.

Hajira hakupenda kuona mtoto wa watu analia sokoni. Akamshika bega.

"Nyamaza. Kwani mie nayapeleka mashineni? Leo nayaloweka. Keshokutwa yana mikia."

Nice akainua uso. "Unayaotesha? Yote?"

"Sasa kimea kinatoka wapi, mama? Mbinguni?"

Hajira ndiye anayewauzia kimea nusu ya akina mama wanaopika togwa kuanzia Magomeni mpaka bondeni Jangwani. Ulezi ulikuwa haushikiki kwa bei, akawa anaotesha mahindi. Nice akasimama, akakaa, akasimama tena. Akasema mche unapoanza kuchipua, lile jeni lililonyamazishwa huwa linaamka kwa siku chache kabla mmea haujalifunika tena. Ndivyo alivyoamini yeye, ingawa hakuna aliyewahi kumkubalia. Kama yuko sahihi, ndani ya debe zima la vichipukizi vyeupe vitatokea sita vya zambarau. Kama amekosea, hakutatokea kitu, na mbegu zimepotea na kazi imekwenda. Halafu akamkumbatia Hajira, akanikumbatia mimi, akamkumbatia dereva wa bajaji, ambaye alikubali kubeba debe bure na kuuliza kama kuna lingine.

Kumbe Awadhi muda wote ule hajasema neno. Alikuwa ameshika shavu.

"Binti," akasema, sauti chini, "na lile nililokula mimi, linanyamazisha nini?"

Nice akamwambia halinyamazishi chochote, tumboni ni hindi kama hindi. Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikamwambia Awadhi kwamba binti anaona aibu kusema ukweli, lakini linaanzaga na ulimi, na dawa yake ni kuupumzisha mpaka jua lizame.

Awadhi akafunga mdomo. Bei akazitaja kwa vidole. Watu walitoka mpaka mtaa wa Gerezani kuja kumwona Awadhi kanyamaza, wakifika wanaona aibu kuondoka mikono mitupu, wananunua. Mpaka alasiri maharage yalikuwa yamekwisha.

Tukaloweka usiku mmoja. Jumanne tukayamwaga uani kwa Hajira juu ya viroba vilivyochanwa, Josepha akitandaza, Hajira akimkosoa anavyotandaza, Josepha akimkumbusha kwamba yeye alianza kupika mbege, pombe ya ndizi ya kwao, kabla Hajira hajajua maji yanachemkaje. Kwa kawaida Hajira hufunika kwa magunia mabichi. Nice akamwomba asifunike, rangi inataka mwanga. Hajira akagoma. Kimea cha kuachwa wazi kinakauka, na kikikauka wateja wake watamwendea mwingine. Wakakubaliana asubuhi kiwe wazi, mchana kifunikwe, na mimi nikawa mtu wa kunyunyizia maji kwa ndoo na ufagio. Mimi, mwenye tiketi iliyokwisha kazi. Nilinyunyizia naimba.

Jumatano vikatoka vimkia vyeupe. Nice hakula. Dakta Bryson alipiga simu, na Nice akamwambia ukweli wote, hata habari za goti la Awadhi. Dakta akasema Ijumaa iko palepale, na anataka saba.

Alhamisi asubuhi tulipiga magoti uani watu wanne, tumepangana kama tunasali, kila mmoja na kipande chake. Ncha nyeupe, ncha za njano, ncha za kijani kidogo. Saa nzima. Goti langu la kulia likafa. Nice alikuwa ameacha kutafuta, anatazama ukuta.

"Hiki hapa kimevaa kanga," akasema Hajira.

Kilikuwa cha zambarau. Chembamba kama njiti ya kiberiti, zambarau kutoka mzizini hadi nchani, kimesimama katikati ya weupe wote ule kama bibi harusi aliyekosea ukumbi. Nice alikipokea kwa mikono miwili. Josepha akapiga kigelegele, jirani akaitikia bila kujua ni cha nini. Cha pili nilikiona mimi. Cha tatu na cha nne vilikuwa pamoja. Cha tano kilikuwa pembeni karibu na bomba. Cha sita tulikitafuta mpaka adhuhuri, na kilikuwa kimenasa kwenye pindo la gauni la Josepha, ambaye alisema ni cha kwao, kimemjua ndugu.

Sita. Nice akavihesabu tena, sita. Furaha ikamtoka usoni polepole. Dakta anataka saba.

"Cha saba kina duka Kariakoo," nikasema.

Tulimkuta Awadhi ameshapata sauti, anaongea na wateja watatu kwa pamoja. Nice akampa karatasi. Awadhi, kwa mwandiko wa kulala, akaandika kwamba siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa jino lake mwenyewe na kwa nia njema ya biashara, alikula punje moja, ilikuwa kavu safi, na haimdai mtu. Akasaini. Akagonga muhuri wa duka.

Ijumaa Nice aliweka mezani vichipukizi sita ndani ya boksi lenye pamba, na karatasi moja. Dakta Bryson aliisoma mara mbili, akavitazama vichipukizi kwa muda mrefu, akasema kizazi hicho kisichomwe.

Nice alipewa barua ya onyo kwa kulala na mbegu nyumbani kwa shangazi. Funguo za shamba alibaki nazo. Sasa anasoma kwa nini mahindi yanajinyamazisha, na bado hajajua. Dakta Bryson amehamishwa. Vichipukizi sita viliota maabara, vinne vikarudi kuwa kijani tupu, viwili havikurudi. Hajira alikausha kimea kilichobaki na kukisaga, akauza chote. Sasa anatumia ulezi tena. Josepha yuko Magomeni, karanga anaziweka mezani na kuziandikia jina. Awadhi aling'oa lile jino mwezi wa tatu. Debe alirudishiwa, lina kutu, liko palepale mlangoni. Mimi nilipanda treni Jumamosi. Nipo Uvinza.