Shampuu ya Msiba wa Bibi Chaem

Bunruean alipokuja kuniambia kwamba shampuu ya msiba wa mama yake itakorogwa na Wanlapha, mimi nilikuwa nimeshafunga aproni. Nani mwingine angekoroga? Miaka kumi na miwili kikundi chetu cha akina mama kinatengeneza shampuu uvunguni mwa nyumba ya Bunruean, iliyoinuliwa juu ya nguzo, na miaka yote hiyo mwiko ulikuwa wangu. Tena si kikundi tu. Mume wake alipotoroka na yule muuza bata, nani alilala naye wiki nzima akimlisha uji? Mimi huyu, Prayong.

"Yong," akaniambia, macho yake kwenye ndoo, "wewe leo kamua ndimu."

"Nikamue ndimu."

"Wageni mia tatu, shoga yangu. Wanlapha katoka kiwandani, anapima kila kitu kwa mizani. Sitaki aibu siku ya mama."

Huyo Wanlapha alirudi kutoka Bangkok miezi mitatu iliyopita, baada ya kufanya kazi miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha vipodozi. Nywele mpaka kiunoni, zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kukaangia. Kila alasiri yuko kwa Bunruean. Najua kwa sababu nilikuwa na kawaida ya kupita pale, hata siku ambazo safari yangu ilikuwa upande mwingine.

Kwetu mtu hatoki kuchoma maiti mikono mitupu. Wafiwa wengine hugawa vichupa vya dawa ya kunusa, wengine taulo. Kwa Bibi Chaem hapakuwa na mjadala: mpaka anakufa na miaka themanini na minane, nywele zake alizioshea makrut, zile ndimu zetu zenye ngozi ya mikunjo. Basi kila mgeni angepewa chupa ya shampuu yenye picha yake. Ndiyo kazi iliyotukusanya asubuhi ile, siku mbili kabla ya kumchoma.

Wanlapha akamimina N70 kwenye pipa, ule uji mweupe mzito wa kutoa povu, akaanza kukoroga kwenda kulia. Vizuri. Kisha bega likamchoka, akageuza kwenda kushoto. Vichwa vyote vikainuka. Tangu tufundishwe, hatujawahi kugeuza mwiko.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "umegeuza."

"Haidhuru, dada Yong. Upande wowote sawa, mradi usiingize hewa."

"Mmesikia? Upande wowote sawa. Miaka kumi na miwili nimeliua bega langu bure."

Shangazi Lamom, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa likizo, akacheka mpaka ndimu ikamponyoka. Bunruean naye akacheka. Lakini alicheka akimwangalia Wanlapha, si mimi. Kitu kikanichoma hapa, chini ya titi, na kikabaki hapo hapo.

Saa ya kula ikafika. "Lapha, panda tule, samaki wanapoa," Bunruean akaita. Keshakuwa Lapha. Mimi nikasema sina njaa, namalizia ndimu. Wakapanda ngazi wote watatu, nikabaki na pipa.

Wanlapha alikuwa ametia maji ya chumvi kidogo tu, akasema tuiache, povu likitulia kesho itakuwa nzito yenyewe. Nikainua mwiko. Shampuu ikachuruzika kama uji wa mgonjwa. Hapa kwetu shampuu ya hivyo ni aibu. Mtu huinamisha chupa, akiona inakimbia humwonyesha mwenzake, wakacheka. Nikajiambia naongeza bakuli moja la maji ya chumvi, wakishuka waikute imesimama, na Bunruean ajue nani kaiokoa.

Bakuli moja likafanya kazi. Ikawa nzito, inaanguka kama utepe, nzuri ajabu. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini juu walikuwa wanacheka, na sauti ya Bunruean ilikuwa ile sauti yake ya zamani, niliyodhani ni ya kwangu tu. Nikatia la pili. Nikatia na la tatu.

Pipa likaniachia. Aliyewahi kukoroga anajua: chumvi hukaza, hukaza, ikipita kiasi chake kila kitu kinayeyuka kuwa maji. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu hilo. Siku hiyo mkono haukuniuliza.

Walipotelemka, Wanlapha akainua mwiko, maji yakachuruzika. Akatazama ndoo ya chumvi, ilivyopungua. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia Bunruean.

"Nimekosea vipimo, dada. Nisamehe."

Hivyo tu. Ningeshukuru, lakini nilizidi kumchukia. Hata kwa wema alikuwa ananishinda.

"Ndiyo mizani ya kiwandani hiyo," akasema Shangazi Lamom.

Bunruean akakaa kwenye ngazi, mikono magotini. "Kesho kutwa mama anachomwa," akasema taratibu, kama anayetuarifu habari ngeni.

"Inaokoleka," Wanlapha akasema. "Tukipata N70 nyingine kama hii, tuongeze na maji, chumvi itapungua nguvu. Ila duka la mjini limefungwa mpaka Jumatatu."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na ndoo ya N70, imejaa. Niliinunua mwezi uliopita, kimya kimya, nianzishe kikundi changu na wale watakaonifuata. Ningeweza kunyamaza, na Wanlapha angeondoka pale akiwa si kitu. Lakini nilimwona Bunruean amekaa vile, na Bibi Chaem alitusuka nywele mimi na yeye kwenye ngazi ile ile. Nikachukua toroli, nikaenda.

Niliporudi Bunruean aliitazama ndoo, kisha mkono wa blauzi yangu, ambapo chumvi ilikuwa imekauka nyeupe.

"Yong, hii ulikuwa umeiweka ya nini?"

"Ya kukuhama."

"Na chumvi?"

"Ni mimi."

Shangazi Lamom akaacha kutafuna.

"Ukiona wivu, nitukane mimi," Bunruean akasema. "Nitukane mpaka hekaluni wasikie. Usimtie mama yangu chumvi."

"Ulicheka ukimwangalia yeye." Nina miaka hamsini na minane na niliyasema hayo mbele za watu.

"Nilicheka kwa sababu ulichekesha, mjinga wewe." Akafuta macho kwa khanga yake. "Haya, anzeni kukoroga. Sina mama wa pili wa kumfanyia majaribio." Akapanda juu, Lamom nyuma yake, bila shaka kwenda kuipata habari yote ingali moto.

Tukabaki mimi na Wanlapha na pipa lililokuwa zito mara mbili, kila mtu na mwiko wake.

"Kwa nini ulijitwisha kosa langu?" nikamuuliza.

"Ningekusema, angeniamini mimi au wewe?" Akapangusa jasho kwa kiwiko. "Dada Yong, unajua alasiri zote zile tunazungumza nini? Wewe. Yong alisema hivi, Yong alinichekesha vile, siku ya bata Yong alifanya hili. Mimi nimerudi sina rafiki hata mmoja, nakaa nasikiliza sifa za mtu asiyeitikia salamu yangu. Unadhani wivu unaujua peke yako?"

Nikamwangalia kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikafurahi, tena furaha mbaya, ya kuficha uso ndani ya pipa.

"Anasema nini hasa?" nikamuuliza. "Nisimulie neno kwa neno. Na koroga polepole, nisikie vizuri."