Nati za Gari la Luhende

...na zote zinafanana, hilo ndilo lililomsumbua Wilhelmina, nati tatu juu ya kipande cha gazeti, zote zinang'aa, zote zina tundu katikati na pembe sita za kushikia spana, angeambiwa achague sindano kwenye sinia angechagua hata amefumba macho, miaka thelathini na mbili ya unesi si mchezo, lakini nati... "Wala usiwe na haraka, mama," alisema Minaz, mwenye duka la vipuri, binti wa marehemu mzee Taherali, ameegemea meza ya kioo iliyojaa plagi na feni belti, "hizi zote zinaingia kwenye Pijo 504, ila kila moja ina rimu yake," usiwe na haraka, haraka hana yeye, haraka anayo Alexander, mwanawe, aliyesimama barazani na simu sikioni, anamwambia fundi wa Nyakato kwamba nati zinakuja sasa hivi, gari lishushwe kwenye matofali, maana saa nane Tereza anatoka hospitali na amekataa katakata kupanda teksi, anasema atarudi nyumbani kwa gari lile lile lililomvunja nyonga, sitaki kuliogopa gari la shemeji yangu, alisema jana, ameshikilia kile chuma chake cha kutembelea cha miguu minne, na akacheka, miezi minne kitandani na bado anacheka, mdogo wake huyo, asiyeweza kucheka ni dada mtu, dada mtu aliinama akajifanya anakunja khanga... "Unanisikia, mama? Hii ya kwanza, ipapase huku chini, ina koni, si ndiyo? Hii ni ya rimu za chuma, zile zilizotoka na gari kiwandani."

Aliipapasa, na kidole gumba kikaijua kabla ya macho, maana nati kama hizi kumi na sita zilikaa kwenye gari la Luhende miaka yote ya ndoa yao, kila Jumapili baada ya misa Luhende anavua shati, anabaki na singilendi, anazungukia tairi moja moja na spana, anazikaza hata ambazo hazikulegea, na mtu akimshauri aweke rimu za spoti kama vijana wa mjini anajibu kwamba gari la mtu mzima halivai hereni, ah, Luhende, alikufa na gari lake halina hereni, aliyelivisha ni mjane wake, na kwa nini, eti kwa nini, kwa sababu ya jubilei ya kaka yao, yeye na Tereza, kule Misungwi, miaka hamsini ya ndoa, ukoo mzima utakuwepo, na wake za kaka zake wana midomo, walishasema Wilhelmina amechakaa tangu afiwe, nyumba inavuja, gari limeota kutu, basi akaenda akanunua rimu nne za spoti, zimetumika lakini zinang'aa kama sufuria mpya, hakumwambia mtu, akazipeleka Igogo kwa fundi Josephat, Ijumaa jioni, safari ni kesho alfajiri... "na nyingi zimeharibikia hapo," Minaz alikuwa anasema, "mtu ananunua rimu nzuri halafu anafungia nati za zamani, koni haikai, mama, inashika juu juu tu," juu juu tu, maneno yale yale, Josephat alisema vile vile, amechuchumaa, rimu moja mapajani, "Mama Alex, limu hizi hazitaki nati hizi, za kwake ni ndefu na zina washa, kile kipete cha chini, hizi zitashika juu juu tu," na Wilhelmina akatazama jua linavyozama nyuma ya mawe, maduka ya mjini yanafungwa, akasema, "Funga hivyo hivyo, fundi, Jumatatu nitatafuta zenyewe," Josephat akajikuna kichwa kwa ncha ya spana, akasema basi asiende mbali, akamjibu, "Misungwi nako ni mbali?" na yule mtu akafunga, alifunga kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na alipomaliza akamfuata mpaka mlangoni mwa gari, "kila baada ya kilomita kumi simameni mzikaze, mama, umwambie Alex," umwambie Alex, ndiyo, alisema hivyo, na Alex hakuambiwa.

Hakuambiwa kwa sababu angeuliza kwa nini, angegeuza gari, angerudisha rimu za baba yake, na wake za kaka wangeona kutu, basi Wilhelmina akakaa kiti cha mbele na kitenge chake kipya, Tereza nyuma kushoto na sufuria la zawadi mapajani, na walipovuka Usagara akausikia ule mlio, kwa, kwa, kwa, nyuma kushoto, taratibu kwanza, kisha haraka, aliusikia, asijidanganye, mtu aliyekesha wodini akisikiliza vifua vya wagonjwa anajua mlio wenye ugonjwa, akaanzisha wimbo wa kwaya, Tereza akadakia kwa sauti yake ile nene, wakaimba, kisha tairi likawapita, lenyewe, linabingirika kando ya lami kama linawahi jubilei, na Alexander akacheka, "Mama, tazama, sijui tairi la nani lile," halafu gari likainama...

"Hii ya pili ina mviringo kama kitako cha yai, si yako," alisema Minaz, akaisogeza pembeni, "ni za rimu za aina nyingine kabisa, mafundi wanazichanganya," mafundi, wote walisema mafundi, pale kwenye veranda ya hospitali damu ya Tereza haijakauka kwenye shati la Alexander, fundi ametumaliza, fundi mzembe, na Wilhelmina akanyamaza, kunyamaza tu, akasema moyoni amechoka, kesho ataeleza, lakini kesho yake Alexander akakusanya binamu zake wawili wakaenda Igogo, naye akaenda nao, hapo ndipo pasipo na maelezo, nani alimlazimisha kwenda, akasimama nyuma yao kwenye ile gereji ya mabati, Josephat anajifuta mikono kwa kitambaa, hakukimbia, hakupandisha sauti, alisema tu, "Mama mwenyewe anajua," wote wakageuka, Alexander, binamu, mke wa Josephat aliyekuwa anakaanga dagaa kando, wote wakamtazama yeye, ilikuwa kama mlango umefunguliwa, na yeye akasema, kwa ile sauti yake ya wodini, "Mimi najua nini habari za nati? Mimi ni nesi."

Josephat hakusema tena, walimwaga sanduku lake la spana mtaroni, jeki wakaivunja kwa jiwe, hakusema, wateja wakamkimbia mmoja mmoja, hakusema, sasa wanasema amehamia Bujora anafyatua matofali, na siku zote hizi Wilhelmina amekuwa akijiambia kwamba Josephat alinyamaza kwa woga, au kwa sababu nani angemwamini fundi mbele ya nesi mzee anayejulikana mji mzima, lakini pale, na nati ya koni imepata joto kiganjani mwake, aliuona uso ule upya, haukuwa uso wa mtu aliyeogopa, ulikuwa uso wa mtu anayengoja, alikuwa anamwachia nafasi aseme mwenyewe, na alipoona hasemi aliona aibu, si yake, aibu ya kumwona mama wa watu akifanya vile, akatazama chini, ndiyo, aliinamisha macho ili asimwone... "Hii sasa ndiyo yenyewe, ya rimu za spoti kama ulizosema," Minaz aliweka ya tatu mbele yake, ndefu, bapa chini, ina washa yake nene inayozunguka, "ona inavyokaa, kumi na sita ninazo, ila nakushangaa, mama, gari lenye rimu hizi lilitembeaje? Fundi wako hakukuambia?"

Ni swali la dukani tu, Minaz hajui chochote, anataka tu kuuza nati, na jibu jepesi lipo, lilikuwa limeshafika mdomoni, hakuniambia, mwanangu, mafundi wetu hawa unawajua, kisha nati zitafungwa kwenye gazeti, gari litashuka, Tereza atapanda kwa kicheko, kila kitu kitakazika, na wapi, kitakazika wapi, akaiona barabara ya Misungwi na Alexander akisimama kila kilomita kumi maisha yake yote, anakaza nati na kumlaani fundi asiye na kosa... na Alexander mwenyewe akaingia, simu bado sikioni, "Mama, umepata? Angalia vizuri wasikupe takataka kama za yule Josephat."

"Hazikuwa za Josephat," Wilhelmina alisema, na sauti haikuwa ile ya wodini, ilikuwa nyembamba, hakuitambua, "zilikuwa za baba yako, na nati za baba yako hazikuwa na kosa, zilikuwa za rimu zake, mimi ndiye niliyebadili rimu," Minaz akaacha kuhesabu nati, kwenye simu mtu wa Nyakato alikuwa anaita haloo, haloo, na Wilhelmina akangoja ule wepesi ambao wagonjwa husema huja mtu akishatapika, haukuja, akairudisha nati ya koni juu ya gazeti, aliona Alexander anashusha simu polepole, akaona jinsi yeye mwenyewe atakavyoenda Bujora kwa Josephat na jinsi atakavyomwambia Tereza, na kwamba huenda Tereza hatacheka safari hii, "Josephat aliniambia, Alex, aliniambia zitashika juu juu, nikamwambia afunge."

"Alikwambia lini?" Alexander aliuliza, taratibu, kama anayemtafutia mama yake njia ya kutokea, "Mama, alikwambia baada ya ajali, si ndiyo?"

"Kabla," alisema Wilhelmina.